Spea za injini kwenye boti ya matanga: namna ya kuzinunua, kuzijaribu na kuzitunza zisiozee stoo

Wakuu salama? Hii naiandika kwa vijana wenzangu wanaoshika injini za yoti hapa Tanga, zile zinazotia nanga Raskazone zikisubiri upepo ugeuke, na kwa wenye boti wenyewe pia maana wengi wanasafiri wawili tu mtu na mkewe, fundi ni wao na nahodha ni wao. Kila msimu naona kitu kilekile, ukifunua sanduku la spea limejaa mpaka mfuniko haukai, maboksi mazuri yana nembo, alafu ukianza kutoa kimoja kimoja unakuta filta ya injini waliyokwisha kuiuza zamani, fenibelti imekunjwa imepasuka kwenye mkunjo, impela, yaani ule mpira wenye mabawa unaosukuma maji kwenye pampu, imeshikana na mfuko wake. Vitu vipo lakini spea hakuna.

Kwahiyo kabla sijafika kwenye filta na nozo (zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda), shikeni hili moja maana mengine yote yanatokea hapa: spea ni kitu kilichokwisha kufungwa kwenye injini yako hiyohiyo kikafanya kazi. Ukinunua pampu ya maji mpya usiipeleke stoo, ifunge leo ukiwa umetia nanga, maji yametulia na duka lipo karibu, ile ya zamani iliyokuwa inapiga kazi vizuri ndo isafishwe ikatunzwe. Hapo unapata faida tatu kwa mkupuo, unajua mpya inaingia, unajua ni spana gani inatakiwa na bolti ipi imejificha nyuma ya altaneta inayochaji betri, na unajua ile iliyoko stoo ni nzima kwasababu jana tu ilikuwa kazini. Ukifanya kinyume, siku ya shida unafunga kitu usichokijua kwa mikono inayotetemeka.

Hii haihusu mpira na karatasi, yaani impela, fenibelti na filta. Hivyo vinachakaa, kwahiyo kipya ndo kinakaa stoo, ila hata hapo cha kwanza kwenye mzigo mpya kifunge ujue kinaingia, vilivyobaki vya namba hiyohiyo utaviamini.

Mtu ataniambia boti ya matanga si ina upepo, injini ya nini kuhangaikia hivyo. Sawa, lakini injini haikuumizi ukiwa katikati ya bahari, inakuumiza pale unapoingia. Kuingia ghuba ya Tanga unapita kati ya mafungu na miamba, mdomo wa Pangani una kipwa na maji ya mto yanasukuma, na huku kwetu bamvua likipiga maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwahiyo mkondo kwenye milango unakimbia kweli. Mkondo wa Pemba nao muda wote unapeleka kaskazini, wakati wa kusi ndo unazidi, na ukifika msimu wa maleleji upepo unakufa mchana kutwa wewe unasogezwa tu kuelekea mwambani. Hapo ndo injini inatakiwa iwake, na iwake mara moja.

Anza na namba, sio na duka

Kabla hujanunua hata wosha, chukua tochi na tambara ushuke kwenye injini utafute kibao cha chuma chenye modeli na namba ya injini. Kwenye injini nyingi za Yanmar kipo juu kwenye mfuniko wa valvu, na namba huwa imegongwa pia kwenye bloku. Gia boksi ina kibao chake peke yake, usikisahau, maana injini mbili za modeli moja zinaweza kuwa na gia boksi tofauti kabisa, na nyingine inatumia oili ya injini wakati nyingine inataka ATF, yaani mafuta ya gia boksi za otomatiki. Piga picha, alafu andika kwenye daftari, maana simu inaweza kuzama na daftari likabaki.

Namba za spea nazo ziandike kama zilivyo mpaka tarakimu ya mwisho. Mfano oili filta ya Yanmar ndogo nyingi iliwahi kuwa 119305-35151, ya kabla yake iliishia na 35150, kiwanda kikifanya marekebisho kinabadilisha mkiani tu. Muuzaji akikwambia "shekhe hii ndo yenyewe, wote wanachukua hii" mwombe akuonyeshe namba. Kama hana namba, toa ya kwako ya zamani mfukoni mlinganishe nyuzi, upana wa mpira na urefu. Sio kwamba anakudanganya, mara nyingi anafikiria ya gari au ya trekta inayofanana na yako.

Na hapo kuna siri nzuri tu. Injini nyingi za yoti hazikuzaliwa baharini. Beta Marine na Nanni nyingi ndani yake ni Kubota, na Perkins 4.108 za kizamani zilifungwa mpaka kwenye magari na mitambo ya nchi kavu. Kwahiyo upande wa ndani wa injini, oili filta, nozo, themostati, gaskiti ya silinda hedi, unaweza kuupata kwa watu wa matrekta ukijua modeli mama. Upande wa maji ya bahari ndo hakuna njia ya mkato, pampu ya maji chumvi, kipozeo ambamo maji ya bahari yanapoza injini, na ile kona ya ekzosi ambapo maji yanachanganyika na moshi, hivyo ni vya boti tu na mara nyingi vinatoka nje ya nchi. Pesa yako ya spea ielekeze huko.

Beringi na sili hazina uboti. Beringi imeandikwa namba ubavuni, ikisema 6203 basi ni tundu milimita 17, nje 40, unene 12, popote duniani, utaikuta kwa spea za pikipiki au kwa mafundi wa pampu za maji hapa hapa mjini. Sili ya oili ina vipimo vitatu vimepigwa mhuri, ndani, nje na unene. Ukishaandika namba hizo kwenye daftari una spea nusu tayari bila kubeba chuma. Ila nunua ile beringi iliyofunikwa mpira pande zote mbili, inaandikwa 2RS mwishoni, iliyo wazi kwenye hewa ya chumvi haikai.

Fenibelti hivohivo. Kama maandishi yamefutika, chukua uzi uzungushe kwenye njia ya belti ukiwa umeiweka altaneta katikati ya nafasi yake ya kukazia, pima uzi, peleka. Angalia na upana wa juu, belti ya A ni milimita 13, za injini ndogo nyingi ni milimita 10, ukitia nyembamba kwenye puli pana inazama mpaka chini inaanza kuteleza na kutoa unga mweusi. Ukifunga, sukuma kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, ishuke kama sentimita 1. Kisha iache ifanye kazi saa chache ukaze tena, belti mpya inalegea.

Dizeli ndo muuaji

Ukinipa pesa ya kununua spea ya aina moja tu nitanunua filta za dizeli. Tatizo la dizeli huku sio lazima kituo kinauza mafuta mabaya, tatizo ni safari yake mpaka kwenye tangi lako. Yanatoka kwenye pampu yanaingia kwenye madumu, madumu yalibeba nini jana Mungu ndo anajua, yanapanda boda, yanakaa juani ufukweni, yanamiminwa kwenye boti inayoyumba. Alafu tangi lenyewe likiwa nusu, hewa yenye unyevu inaingia usiku na kutoa jasho ndani, maji yanakaa chini, kwenye mpaka wa maji na dizeli wanaota wadudu wale wanaotengeneza utando mweusi kama makamasi. Ukiwa nangani kila kitu kimetulia chini. Ukitoka nje kwenye mawimbi ya mkondo wa Pemba vinavurugika vyote, na filta inaziba, unabadilisha, inaziba tena, kwenye safari moja mbaya unaweza kumaliza kadhaa kabla hujaona nchi kavu.

Boti nyingi zina filta mbili, ya kwanza ina bakuli la kuonyesha maji, ya pili iko kwenye injini. Wenye filta ya kwanza aina ya Racor 500 wanatumia elementi (ile karatasi ya ndani) ya 2010, na hapo kuna rangi za kuonyesha ukubwa wa uchafu unaozuiwa, nyekundu ni maikroni 30, bluu 10, kahawia 2. Watu wanadhani ndogo ndo nzuri zaidi wanatia ya 2 pale mbele, matokeo yake inaziba upesi. Mi naweka ya 10 mbele, kuchuja kwa ulaini zaidi iachie filta ya injini. Za mbele beba nyingi kuliko unavyodhani ni sawa, dazeni sio vichekesho, za injini chache zinatosha kama za mbele zinafanya kazi yake. Na mpira wa kwenye mfuniko wa Racor ule mwekundu au mweusi usiutupe na boksi, unakuja na elementi mpya, ufunge mpya kila mara maana ule wa zamani ndo unaovuta hewa.

Kuzitunza: elementi ya karatasi inanyonya unyevu, ile ya kopo la chuma inapata kutu kwenye ukingo ule ule ambao unatakiwa uzibe. Ziache kwenye plastiki yake, zile za kopo pangusa kwa tambara lenye oili nje tu, tia kwenye mfuko wa zipu, alafu zote ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Ndoo hizo zinapatikana kila mahali, osha vizuri ikauke juani. Ndani tupia vile vipaketi vya jeli vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Masika ikipita vikaushe tena.

Sasa kubadilisha filta ya dizeli na kutoa hewa lazima ukujue kwa mikono, maana spea bila hiyo kazi haina maana. Injini ikikosa mafuta imeshavuta hewa. Ukishafunga filta mpya legeza skrubu ndogo ya juu ya filta ya injini, nusu mzunguko tu usiitoe kabisa, weka tambara chini, piga kile kiwiko cha pampu ndogo ya mafuta kwa kidole. Yatatoka mapovu, kisha mapovu na dizeli, kisha dizeli tupu, kaza. Kuna siku utapiga kiwiko na kitakuwa kimelegea hakisukumi kitu, ukadhani pampu imekufa. Haijafa, kemshafti imesimama pale inapoisukuma pampu, zungusha krenki mzunguko mmoja kwa spana kwenye puli au gusa stata kidogo, kiwiko kitarudi na nguvu. Vijana wengi wamefungua pampu nzima kwa jambo hilo.

Kama bado haiwaki, legeza nati za mabomba kwenye nozo, piga stata mpaka zicheue dizeli, kaza. Lakini hapo sikilizeni kwa makini: kila unapopiga stata pampu ya maji chumvi nayo inazunguka, inapeleka maji kwenye mafla, na kwasababu injini haijawaka hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Ukipiga stata sana maji yanajaa yanarudi nyuma mpaka kwenye silinda, na hapo umetoka kwenye tatizo la filta umeingia kwenye la kufungua injini. Funga koki ya maji ya bahari kabla hujaanza kupiga stata mara nyingi, na ikiwaka tu, fungua papo hapo. Ili usisahau tundika ufunguo wa injini kwenye mpini wa hiyo koki kila unapoifunga.

Wosha za shaba za kwenye bolti zenye tundu za mabomba ya dizeli, beba mfuko mzima, ni bei ya chini. Zikiisha, ya zamani inatumika tena ukiipasha moto kwenye jiko la gesi mpaka iwe nyekundu kisha uitie majini, shaba inalainika upya, isugue kwa msasa laini juu ya kioo iwe bapa. Chuma ukifanya hivo kinakuwa kigumu, shaba ni kinyume chake.

Impela, na habari ya mfuko mmoja kazi moja

Impela ndo kitu cha pili kuzima yoti. Mfuko wa plastiki ukinasa kwenye mdomo wa koki kwa dakika chache, maji hayaji, impela inazunguka kavu, mabawa yanaungua. Ishara yake ni ekzosi kubadilika sauti, unasikia kavu, na maji hayatemwi nyuma.

Kwenye stoo usiweke impela peke yake. Mfuko mmoja uwe na kazi nzima: impela, gaskiti ya karatasi ya mfuniko au oringi yake, skrubu za ziada za mfuniko, kipande cha karatasi kimeandikwa saizi ya bisibisi au spana, na kichupa kidogo cha gliserini. Skrubu hizo ni ndogo, za shaba, na ikidondoka kwenye ngama, chini kabisa ya boti, huku boti inalala upande huioni tena mpaka utakapouza boti. Mfuko juu andika kwa maka peni jina la kazi: IMPELA, sio namba peke yake. Fanya hivohivo kwa kubadilisha oili, kwa nozo, kwa pampu ya mafuta. Mtu anayekusaidia gizani anatafuta neno moja anakuletea, hakuna kuulizana.

Wakati wa kufunga paka gliserini au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Usipake grisi wala mafuta ya aina yoyote, mpira unavimba. Pindisha mabawa kinyume na upande ambao pampu inazunguka, ncha zake zifuate nyuma. Ile iliyotoka ihesabu mabawa yake, kama limepungua moja basi halijapotea, limekaa mahali mbele yake, mara nyingi kwenye mdomo wa kipozeo, na lisipotolewa injini itaendelea kuchemka na impela mpya ndani. Mfuniko wa pampu ukiona umechimbika ndani, ugeuze, upande wa nje mara nyingi bado laini, ila hakikisha hauna maandishi yaliyozama upande huo maana yatavujisha.

Impela za stoo zilale bapa, zisibanwe na kitu, gizani, mbali na joto la injini na mbali na mota za umeme kwasababu cheche zao zinatengeneza hewa inayopasua mpira. Tarehe ya kununua iandike. Ikikaa miaka mingi ikunje bawa kwa vidole uangalie shinani, ukiona ufa kama uzi, tupa. Ukitoa boti majini kwa muda mrefu toa na ile iliyoko kwenye pampu, la sivyo mabawa yatashika umbo la kulala.

Vitu vya umeme

Stata na altaneta hapa Tanga havinipi hofu sana, mafundi umeme wa magari wapo, na wa kusuka mota wapo, kule Ngamiani kwenye barabara zenye namba ukiuliza utaelekezwa. Stata za injini za Kijapani wanazijua kwasababu ni ndugu na za magari yaliyojaa mjini. Cha kubeba wewe ni vile vidogo ambavyo havifanani, kaboni za stata na za altaneta, solenoidi, rilei, fyuzi za saizi zako, swichi ya ufunguo. Stata nzima ya ziada ukiwa na uwezo ni jambo jema, na hii ndo inayotaka kanuni yetu ya mwanzo kuliko zote. Ikikaa stoo mwaka mzima kwenye hewa ya chumvi kile kigia cha mbele kinaganda, siku unaifunga inalia tik halafu basi. Zibadilishane, ya stoo iingie kazini, ya kazini ipumzike, kila msimu. Kabla ya kuiweka pangusa, paka grisi nyepesi sehemu za chuma zilizo wazi, usipake kwenye kaboni, fungia plastiki.

Tahadhari mbili. Boti ya chuma au ya aluminiamu mara nyingi stata na altaneta zake zina waya wa hasi uliotengwa na bodi, ukifunga ya gari ya kawaida unapeleka umeme kwenye mwili wa boti na chuma kitaanza kuliwa. Na kama injini yako ni ya petroli usifunge kabisa vya gari, za boti zimetengenezwa zisirushe cheche nje, na mvuke wa petroli unakaa chini kwenye ngama ukisubiri hiyo cheche.

Vinavyouma mfukoni

Kona ya ekzosi naitaja peke yake kwasababu watu wanaisahau. Maji ya chumvi na moshi wa moto vinakutana mule, kwahiyo inaliwa kwa ndani na wakati huohuo inajaa masizi. Injini inaanza kukosa nguvu, inatoa moshi mweusi, watu wanahangaika na nozo. Ifungue, tia kidole. Kama tundu limebaki la kupitisha kidole gumba pekee wakati lilikuwa pana, umeshapata jibu. Nunua mpya uifunge, ya zamani ikigongwa masizi na kuloweshwa kwenye asidi kidogo, na ukigonga kwa nyundo ndogo haisikiki nyembamba, inakuwa spea halali. Mchomeleaji mzuri anaweza kukutengenezea ya stenlesi 316, mpe ile ya zamani aifuate pembe kwa pembe.

Nozo za ziada zipelekwe kwanza kwa fundi wa pampu na nozo azipime zinavyopuliza, kisha ziba midomo yote miwili kwa vifuniko vya plastiki, tumbukiza kwenye chupa yenye dizeli safi kidogo au zifunge zikiwa na oili. Gaskiti ya silinda hedi usiikunje wala kuiviringisha hata siku moja, ikipata mkunjo imekwisha. Ibane kati ya vipande viwili vya plaiwudi uifiche chini ya godoro. Zinki za penseli zinazoingia kwenye kipozeo ziliwe zenyewe badala yake beba kadhaa, ni vitu vidogo, na ukizifunga usizungushe tepu nyingi kwenye nyuzi maana lazima chuma kiguse chuma ndo ifanye kazi. Na klampu za mipira ziwe stenlesi hadi skrubu yake, pitisha sumaku, skrubu ikinasa kwa nguvu iache dukani.

Kuhusu feki. Dar, Kariakoo na Gerezani, utapata kila kitu na utapata kila daraja la kitu. Kwa filta mi nina njia ya kikatili, nunua mbili za mzigo mmoja, moja ikate kwa msumeno wa chuma. Angalia karatasi imejazwa mikunjo mingi au imetawanywa michache, gundi imeshika mwisho kwa mwisho, na kwa oili filta, upo ule mpira laini unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Kama haupo, injini inawaka kavu kila asubuhi. Umepoteza filta moja, umeokoa krenki.

Usibebe pistoni, ringi za pistoni, krenki wala valvu. Kama imefika huko hutaitengeneza mawimbini, utatweka tanga urudi. Kipimo changu ni hiki, je kitu hiki kikifa kinazima injini, na je naweza kukibadilisha boti ikiyumba kwa zana nilizonazo? Jibu likiwa ndio mara mbili, kinabebwa. Ndo maana zana nazo ni spea, kifaa cha kung'olea puli, fila za kupimia valvu, plaizi mbili za mdomo uliopinda za kutolea impela.

Mashine ya dingi, ile boti ndogo ya kwendea nchi kavu, haina stress, wavuvi wetu wanatumia Yamaha kila kona, plagi, impela na kamba ya kuvutia unapata, chukua vya kwako vichache utie kwenye mfuko wake.

Daftari la stoo liwe na safu tatu tu: kitu, kipo wapi, vimebaki vingapi. Ukitumia filta unaandika kabla hujanawa mikono, karatasi ikichafuka oili poa tu. Kila msimu unapogeuka, kabla kaskazi haijashika, toa ndoo zote juu ya deki, fungua kila mfuko, zungusha kila beringi kwa kidole, kunja kila mpira. Kilichoota kutu mahali pa kuziba kinatoka.

Alafu agiza mapema. Vya kutoka nje vina wiki zake na karatasi za forodha, kama una mgeni anayeruka kuja Dar mpe orodha abebe vidogo na risiti zake. Vya Dar vinakuja kwa basi siku hiyohiyo, ila mwambie wa dukani akupigie picha kitu chenyewe nje ya boksi, pembeni kaweka rula, namba inasomeka, kabla hujatuma hela. Na mkubaliane kabisa mzigo usipoingia unarudi kwa basi la kesho na nauli analipa nani.